Mikoko au msitu wa nchi kavu? Ukijitolea pwani, nguvu zako uzipeleke wapi

Mkazi wa Mombasa, Kwale au Kilifi anayetaka kujitolea kutunza mimea ya asili ana milango miwili iliyo wazi zaidi. Mmoja unaingilia matopeni, kwenye mikoko. Wa pili uko juu nchi kavu, kwenye vitalu vya miti ya asili na kwenye mabaki ya msitu wa pwani, zikiwemo kaya, yaani misitu mitakatifu, za Wamijikenda. Wengi hukimbilia mikoko kwa kuwa ndiyo inayopigwa picha na kutangazwa. Sina ugomvi na picha. Ila kazi hizi mbili hazidai saa zilezile, mwili uleule wala subira ileile, na zote mbili zinaumwa ugonjwa mmoja: siku ya kupanda watu tele, fulana mpya na hotuba, wiki ya tatu hakuna anayekwenda kuangalia mche umeamkaje.

Kwa hiyo kipimo changu hapa ni kimoja: kwa nafasi uliyo nayo wewe, ni wapi utausaidia zaidi mche ubaki hai?

Mwezi au mvua

Anza na kalenda yako, maana hapo ndipo wengi hushindwa kabla hata ya kuchafuka miguu.

Mikoko inafuata mwezi. Maji ya bamvua, siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, ndiyo yanayopwa mbali na kuacha tope wazi kwa saa kadhaa. Bahati nzuri kwa pwani ya Mombasa, siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Unaingia saa mbili na nusu maji yakiwa yanaondoka, unatoka kabla ya saa saba hayajakufuata. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kama dakika 50, na baada ya juma moja umefika kwenye maji mafu: hayapwi vya kutosha, na yakipwa ni alfajiri au alasiri. Mwenye nafasi Jumamosi peke yake ajue hili mapema. Jumamosi moja ikiangukia bamvua, inayofuata itaangukia maji mafu, kwa hiyo katika mwezi ana Jumamosi mbili za kazi ya topeni. Kikundi kinachokuita Jumamosi yoyote, saa yoyote, huenda hakijui bahari, au kinakuitia jambo jingine.

Msitu wa nchi kavu unafuata mvua. Miche hupelekwa shambani mvua za mwaka zinaposhika, Aprili hadi Juni, na kidogo wakati wa vuli, Oktoba na Novemba. Ukipanda mbambakofi mwezi wa Januari, kaskazi likivuma na jua likiwa kichwani, umejiandikia kazi ya kubeba maji kwa madumu hadi Aprili. Lakini kupanda ni sehemu ndogo ya kazi. Kuokota mbegu, kujaza udongo kwenye viriba (mifuko ya miche), kupalilia na kung'oa mimea vamizi hakuna msimu wa kufunga. Kitalu kitakupokea Jumanne mchana kama ndiyo siku yako ya mapumziko.

Kwa hiyo jamaa wa Nairobi wanaoteremka pwani Desemba wakiwa na hamu ya kupanda mti, mimi huwaelekeza kwenye mikoko, kama wana zaidi ya siku moja. Mkoko haumngoji mtu aumwagilie.

Matopeni

Mbegu ya mkoko haifanani na mbegu. Ni kijiti cha kijani kirefu, wakati mwingine kinapita urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, ambacho huanza kuota kikiwa bado kinaning'inia juu ya mti. Kilichokomaa kina pete ya manjano pale kinapoungana na tunda, na ukikivuta kidogo kinaachia chenyewe. Kisichoachia, kiache. Unakielekeza ncha iliyochongoka chini, unakidumbukiza topeni kiasi cha theluthi ya urefu wake, unabana tope kwa vidole ili kisiyumbe, unapiga hatua moja, unachoma kingine. Mtoto wa darasa la pili anaweza.

Na hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa mkoko ni rahisi hivyo, watu huupanda kila mahali, hata pale usipotakiwa. Jina mikoko tunalitumia kwa jamii nzima, lakini kila mmoja una kiti chake. Mlilana ndio unaosimama mbele kabisa ukipokea mawimbi, mkoko wenyewe uko nyuma yake kwenye tope laini lenye maji mengi, kisha mkandaa, na mchu unaovumilia chumvi kali unapatikana hadi huku nyuma ambako maji hufika siku za bamvua tu. Muia, mkomafi, kikandaa na msikundazi nayo ina sehemu zake. Ukiuchukua mkoko ukaupanda mahali pa mlilana, mawimbi yataung'oa. Ukiupanda kwenye uwanda mtupu wa matope mbele ya pwani, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mti, huenda umefunika nyasi bahari zilizokuwa zikilisha samaki, na miche yenyewe isifike popote.

Ukiona eneo lililokauka, swali la kwanza ni kwa nini lilikauka. Kijito cha Mwache, Mombasa, kilipoteza mikoko mingi baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, kwa kuwa udongo ulioteremka kutoka bara ulifukia mizizi inayopumua. Mahali pa namna hiyo huwezi kuchomeka vijiti ukaondoka. Na pale maji yalipozibwa na barabara au na lundo la taka, mara nyingi kazi ya maana ni kuyafungulia njia. Yakianza kuingia na kutoka, mbegu huelea zenyewe kutoka kwenye miti ya jirani na kujipanda mahali pake. Kujitolea kwa jembe la kufukua mfereji hakuna mvuto kwenye picha, lakini mimi kikundi kinachofanya hivyo nakipa alama za juu.

Anayetaka kuona subira ikizaa aende Gazi, Kwale, kama kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Mikoko ya pale ilifyekwa ovyo kwa ajili ya kuni za viwanda, ikabaki mawanda matupu. Mwaka 1991 Dk. James Kairo wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, alianza majaribio ya kupanda upya pamoja na wanakijiji. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 2013, ndipo ulipozinduliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao ndio wa kwanza duniani wa jamii kuuza hati za hewa ukaa iliyohifadhiwa na mikoko (carbon credits). Unahudumia hekta 117, na fedha zake zimeingia kwenye maji ya bomba na shule za Gazi na Makongeni. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, waliufuata mfano huo kwenye eneo kubwa zaidi. Nataja miaka hii kwa makusudi, kwa sababu mtu akikuahidi msitu kwa misimu miwili, anakudanganya.

Utunzaji wa mikoko ukoje? Kwa miezi ya kwanza unarudi kila bamvua. Unabandua mwani uliojizungusha kwenye vijiti na kuvilaza, unaokota plastiki, unaangalia kama kuna makombe yale madogo magumu yanayoganda kwenye shina changa hadi likazidiwa na uzito. Kaa hukata miche laini usiku. Mbuzi na ng'ombe hula majani ya mchu kama wamewekewa, kwa hiyo kuna na kazi ya kuongea na wenye mifugo. Kisha unahesabu: iliyo hai, iliyokufa, iliyopotea kabisa, na unaandika. Kuhesabu kunachosha jua likiwa kali, lakini bila daftari kikundi hakina namna ya kujua kipande kipi kirudiwe na kipi kiachwe.

Juu, chini ya miti mikubwa

Msitu wa asili wa pwani umebaki vipande vipande. Kipande kikubwa kuliko vyote vya msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi kati ya Kilifi na Malindi. Kaya ni vidogo zaidi, vimetawanyika juu ya vilima na kando ya bahari kwa umbali wa kilomita 200 hivi, na vilivyobaki vimebaki kwa sababu wazee walikataza kukata. Mwaka 2008 baadhi yake viliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Hili linabadilisha kabisa namna ya kujitolea. Kwenye mikoko unaingia kwa ruhusa ya chama cha jamii cha msitu na shirika la misitu la KFS, ukavaa raba na kuanza. Kaya ina wenyewe. Huingii bila ruhusa ya wazee, hutoki na hata kijiti kikavu, hukanyagi nje ya njia uliyoonyeshwa. Kaya Kinondo, Diani, iliyo wazi kwa wageni, utafungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Mti ukianguka ndani, unaozea hapo hapo. Mtu mwenye haraka ya kusafisha msitu ataudhi wazee na pia ataharibu msitu, maana gogo linalooza ni chakula na nyumba ya viumbe tele. Kwa hiyo kazi nyingi ya mtu wa kujitolea huwa nje: kitaluni, pembezoni mwa kaya, na kwenye mashamba jirani ambako miti ya asili ikipandwa, watu hupunguza kuingia ndani kutafuta nguzo na kuni.

Kitaluni ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu watu hupadharau. Chukua mbegu ya mbambakofi: nyeusi inayong'aa, na upande mmoja imevaa kikofia chekundu. Unakitoa kikofia kwanza, kwa kuwa hukaribisha ukungu na wadudu. Ganda ni gumu mno, hivyo unaliparuza kwa msasa au kulitia alama kwa kisu upande usio na kikofia, ndipo unailoweka. Iliyovimba iko tayari kwa udongo. Mvule nao hauna uhusiano na hayo. Kwanza kuna mti dume na mti jike, kwa hiyo unaweza kungoja matunda miaka na miaka chini ya mti usiozaa. Tunda likiiva popo hulila usiku na kueneza mbegu, ambazo ni ndogo sana, za kupandwa juu juu na kunyunyiziwa maji kama ukungu. Miche yake hushambuliwa na mdudu anayevimbisha majani na vichipukizi mpaka mche unadumaa. Ukijifunza miti mitano hivi kwa undani wa namna hii, kikundi hakitataka uondoke.

Halafu kuna mwarobaini. Hapa baadhi ya wasomaji watanikasirikia. Mwarobaini una heshima yake pwani, una kivuli, una dawa, na mimi sigusi ule ulioko uani kwa mtu. Lakini asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake, ndege na popo hula matunda yake na kuangusha mbegu msituni, na kwenye kaya kadhaa umeanza kujaza nafasi ambazo zingeshikwa na msandarusi, mgurure au mbambakofi wenyewe. Mche mdogo unang'oka kwa mkono baada ya mvua, udongo ukiwa umelainika: shika karibu na ardhi, vuta polepole ili mzizi utoke mzima. Uliokomaa ukiukata, kisiki huchipuka tena, tena kwa hasira, kwa hiyo anayekata awe na nia ya kurudi kukata vichipukizi mara nyingi. Kabla ya yote wazee wawe wamekubali mti upi utoke, na mtu wa kwanza kuonyesha tofauti ya majani awe mwenyeji, kwa sababu mgeni mwenye panga na bidii anaweza kumaliza miche ya asili iliyoota yenyewe.

Mwili, mavazi na nauli

Topeni unazama hadi magotini, na kila hatua ni kazi. Buti za mpira hubaki chini wewe ukiendelea mbele na soksi. Raba kuukuu za kufunga kamba ndizo zinazofaa, na zisiwe kandambili, kwa kuwa mizizi ya mkoko imejaa chaza wanaokata kama wembe. Usubi wapo, hasa jua linapokuchwa. Mwenye maumivu ya magoti au ya mgongo asijilazimishe.

Msituni hatari ni nyingine: upupu, siafu, miiba, nyoka mara mojamoja. Suruali ndefu na mikono mirefu inatosha kwa mengi. Kitalu hakina hayo. Pana kivuli, pana benchi, mzee wa miaka 70 na mjukuu wake wanaweza kujaza viriba pamoja hadi adhuhuri. Kwa familia yenye watoto wadogo sioni sababu ya kutafuta pengine.

Vikundi vingine huomba mchango. Ukigharamia mwongozaji, chakula cha mchana na miche, ni halali, na kina mama wanaopika wanastahili kulipwa. Uliza tu unagawanywa vipi. Kikundi safi hakionei aibu swali hilo.

Milango midogo

Nyasi bahari zinarudishiwa kusini mwa Kwale, Wasini wakiwemo, lakini ni kazi ya ndani ya maji inayotaka mafunzo na watu waliozoea bahari, usianzie hapo. Kwenye fukwe za mchanga, mlakasa, ule mtambaazi wa maua ya zambarau, unashika mchanga vizuri kuliko ukuta wa mawe, na huduma kubwa unayoweza kuufanyia ni kuzuia watu wasiufyeke ili ufuo uonekane msafi.

Utaalikwa pia kupanda mvinje. Uliza ni wa kazi gani. Kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mtaalamu wa kilimo René Haller alipoanza kuyarudishia miti mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti juu ya mwamba mtupu na ikashika mitatu tu, mvinje ukiwemo. Majongoo wakala majani yake makavu, udongo ukaanza kupatikana, na miti ya asili ikafuata. Hapo mvinje ulikuwa ngazi. Ukipandwa ufuoni na kuachwa peke yake, chini ya zulia la majani yake huota kidogo sana, na huo hauitwi urejeshaji wa mimea ya asili hata kama kila kitu ni kijani.

Ukiwa Dar au Unguja

Uchaguzi ni uleule kwa majina mengine. Dar es Salaam ina mikoko ya Kunduchi na Mbweni upande mmoja, na msitu wa Pugu-Kazimzumbwi upande mwingine, nusu siku kwa daladala na miguu. Mikoko ya Tanzania Bara iko chini ya wakala wa misitu, TFS, kwa hiyo mlango ni ofisi yao au kikundi cha ufukweni kinachofanya nao kazi. Unguja una vyote viwili karibu karibu katika hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, ambako njia ya mbao ya kijiji cha Pete inakupitisha ndani ya mikoko ukajionea mizizi kabla ya kuamua kama unataka kuikanyagia tope. Delta ya Rufiji ndiyo yenye mikoko mingi kuliko mahali popote pwani ya Afrika Mashariki, ila kwa mtu wa mjini ni mbali mno kwa kazi ya kurudi rudi.

Ningemshauri nani aende wapi

Mwenye siku moja tu asipande kitu. Najua inasikika vibaya. Aende akang'oe miche ya mwarobaini baada ya mvua, ajaze viriba, au aokote plastiki kwenye mikoko michanga. Kazi hizo zikiisha leo zimeisha, wala hazimdai mtu kesho.

Anayeishi mwendo wa miguu au wa bodaboda kutoka kwenye kijito cha bahari, mwenye afya na anayeweza kupanga ratiba yake kwa mwezi wa angani, achukue mikoko na aishike kwa mwaka mzima. Huyo ndiye anayekosekana. Wapandaji wapo wengi. Wanaorudi bamvua ya tatu na ya nne na daftari mkononi ni wachache.

Mwenye kazi ya ofisini, mwenye watoto, mwenye umri, au mwenye kupenda kujua mti kwa jina na mbegu yake, aende kitaluni. Akitoka huko akiwa na ruhusa ya wazee, hatua kwa hatua atafika kwenye kaya, na hilo halina njia ya mkato. Mimi mwenyewe ningelazimika kuchagua kimoja ningekwenda kitaluni, ingawa moyo uko baharini, kwa sababu mikoko imeshapata wapenzi na wafadhili, na mgurure bado haujapata.

Popote utakapoelekea, piga simu kabla na uulize: mlipopanda mwaka jana, imebaki mingapi? Wakikujibu kwamba iliyobaki ni nusu, na mbuzi waliingia upande wa kaskazini, nunua raba. Wakikujibu kwamba walipanda miche elfu kumi na mgeni rasmi alikuwepo, endelea kutafuta.